Wakili wa mwenzako si wakili wako

Swali: Shikamoo wakili. Nina mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, wilayani Mbarali, na duka la mchele Mwanjelwa, Mbeya mjini. Nimesajili jina la biashara tu, sijawahi kuwa na kampuni. Sasa kuna kaka mmoja wa Dar es Salaam anataka kuweka shilingi milioni 80 tufungue kampuni, tununue mashine ya kupanga madaraja, tufungashe mchele kwa jina letu. Anasema wakili wake ataandaa kila kitu, mimi niende tu kusaini. Amenitumia rasimu kwa WhatsApp, kurasa 14 za Kiingereza. Nilichoelewa ni kwamba hisa ni 76 kwake na 24 kwangu. Jirani yangu wa dukani ananiambia nisijisumbue, kuna kijana karibu na mahakama anaandika mikataba kwa elfu hamsini. Je, nahitaji wakili wangu mwenyewe? Nitampata wapi hapa Mbeya, nitajuaje kama ni wa kweli, na malipo yake yakoje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Naanza na hiyo 24, maana ndiyo inayojibu swali lako la kwanza.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 imeweka maamuzi ya wanahisa katika ngazi mbili. Maamuzi ya kawaida, kwa mfano kumwondoa mkurugenzi, hupita kwa zaidi ya nusu ya kura. Maamuzi mazito, kama kubadili katiba ya kampuni, yanataka azimio maalumu, na azimio maalumu hupita kwa robo tatu ya kura zilizopigwa. Mwenye hisa 76 kati ya 100 anazo robo tatu na chenji inabaki. Wewe na 24 zako unaweza kuhudhuria mkutano, ukapinga mpaka sauti ikakauka, na azimio likapita ukilitazama. Ungekuwa na 26, lisingepita bila mkono wako. Kwenye gawio, yaani sehemu yako ya faida, tofauti ya 24 na 26 ni fedha ambayo usingeigombania. Kwenye kauli ndani ya kampuni, ni tofauti ya mwenye nyumba na mpangaji.

Simtuhumu huyo kaka. Huenda alipiga hesabu ya fedha zake, akapiga na ya mashine yako kwa bei aliyoidhania, ikaja 76. Lakini aliyeandika rasimu ni mtu wa sheria, na robo tatu anaijua. Hakufanya kosa lolote. Ameajiriwa na upande mmoja na ameufanyia kazi upande huo, kama maadili yake yanavyomtaka. Hatari iko upande wako, ambako hakuna mtu.

Kwa hiyo ndiyo, unahitaji wakili wako, na ni muhimu awe wako peke yako. Watu wengi wanaoanza biashara wawili huona ni uungwana na ni nafuu kutumia wakili mmoja, na wengine huogopa kwamba kuleta wakili wa pili ni kama kuleta ugomvi kabla ya harusi. Inawezekana wakili mmoja akaandaa nyaraka za pande mbili, kama wote wanajua na wamekubali, na mambo ni mepesi. Ila siku mnapotofautiana hataweza kusimama na mmoja dhidi ya mwenzake, itambidi ajitoe kwa wote. Na kwako hali haiko hivyo hata kidogo: huyo wa Dar es Salaam alikuwa wakili wa mwenzako kabla hamjafahamiana. Ukimuuliza swali kuhusu hiyo rasimu, kila unachomwambia anaweza kukitumia kumshauri mteja wake.

Sasa huyo kijana wa elfu hamsini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vishoka, yaani wanaofanya kazi ya wakili bila kuwa mawakili, nimewaona wakiumiza watu kwa miaka yote niliyofanya kazi hii.

Kwetu Tanzania Bara, mwenye shahada ya sheria ni mwanasheria. Wakili ni mwanasheria aliyeendelea mbele: amepita mafunzo ya uanasheria kwa vitendo, amekubaliwa na Jaji Mkuu, ameandikwa kwenye daftari la mawakili na kupewa namba, na kila mwaka anahuisha cheti chake cha kufanya kazi. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inamkataza mtu asiye na sifa hizo kujifanya wakili, na inamkataza kuandaa hati za kisheria kwa malipo. Inataka pia hati iwe na jina na anuani ya aliyeiandaa, ndiyo maana mwisho wa mkataba ulioandaliwa sawasawa utakuta maneno “Imeandaliwa na”. Angalia sehemu hiyo kila mara. Kishoka huiacha tupu, au hugonga mhuri wa wakili ambaye hajawahi kuuona mkataba wenyewe.

Niliwahi kuletewa na mteja mkataba wa ushirika wa kurasa tisa, umepigwa chapa vizuri, una lakiri nyekundu. Ndugu wawili walikuwa wamenunua lori na sasa hawasemezani. Kwenye ukurasa wa saba iliandikwa kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na mahakama za London. Aliyeuandika aliukuta mahali kwenye intaneti, akabadili majina, akasahau ibara moja. Hakuna “Imeandaliwa na”, na namba ya simu aliyoacha haikuwa hewani tena. Mkataba haukuwa umelipiwa ushuru wa stempu pia, kwa hiyo mahakamani usingepokelewa kama kielelezo mpaka ushuru ulipwe pamoja na adhabu ya kuchelewa. Lori lilikaa chini ya mwembe miezi mingi, na vipuri vikaondoka kimoja kimoja. Walikuwa wamelipa elfu themanini kwa mkataba ule na kuona wamepata nafuu.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Unayomwambia wakili wako kuhusu shauri lako yanalindwa na sheria kama siri kati yenu. Kwa kishoka hakuna kitu kama hicho. Na wakili akikuharibia, pana pa kumshtaki, nitafika huko. Kishoka akikuharibia umebaki na polisi na bahati yako.

Kumhakiki wakili ni kazi ya dakika tano. Mahakama ya Tanzania ina mfumo wa e-Wakili kwenye mtandao, uko wazi kwa kila mtu, haudai malipo. Unaandika jina au namba yake ya usajili, na mfumo unakuonyesha kama yupo na kama anaruhusiwa kufanya kazi, amesimamishwa, au hajahuisha cheti. Mtafute kwa majina yake yote, kisha ulinganishe na yule uliyekaa naye mezani. Kukagua si kumkosea adabu. Mimi mteja akiniambia amenitafuta kule kabla ya kuja, nafurahi, najua nitafanya kazi na mtu makini. Fanya hivyo mapema mwakani pia kama bado mnaendelea naye, kwa sababu vyeti ni vya mwaka.

Kumpata aliye mzuri ndiko kugumu. e-Wakili haikuambii nani anajua kampuni na nani maisha yake yote amefanya kesi za jinai. Mabango nayo hayatakusaidia, kwa kuwa kanuni za maadili za mawakili za mwaka 2018 zinatubana sana katika kujitangaza na kuwinda wateja. Ukimkuta mtu analisifia jina lake kila kona na anakufuata mpaka dukani, jiulize kwanza.

Ningekuwa wewe ningeanza na watu wanaoona kazi za mawakili bila kuwa mawakili. Mhasibu anayekufanyia hesabu za TRA ni wa kwanza, maana yeye huona katiba za kampuni nyingi na anajua zipi zilileta shida. Ofisi ya TCCIA ya mkoa, ile chemba ya wafanyabiashara, wakulima na wenye viwanda, na watu wa SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wanafahamu wasindikaji wenzako waliokwisha kufungua kampuni. Chama cha Wanasheria Tanganyika, TLS, kina mawakili wake Mbeya. Waombe majina ya wanaofanya kazi za biashara, usiombe jina moja. Afisa mikopo wa benki anaweza kukupa jina, ila muulize kama wakili huyo ndiye anayeiandikia benki mikataba ya mikopo, kwa sababu huenda kesho ukaomba mkopo hapo hapo.

Na unapowauliza wafanyabiashara wenzako, usiulize “nani wakili mzuri?” Kila mtu atakutajia shemeji yake. Mtafute aliyewahi kuachana na mshirika na biashara ikabaki imesimama, kisha muulize nani aliandika mkataba wao. Mkataba hupimwa siku watu wanapogombana. Ambaye hajagombana na mtu hajui kama wake ni mzuri.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, hukumu za mahakama zetu zinawekwa kwenye TanzLII, bure. Andika jina la wakili uone amesimamia mashauri gani. Usihesabu ushindi na kushindwa, maana wakili bora hupewa pia kesi mbovu. Angalia ni aina gani ya kazi. Lakini kumbuka pia wapo mawakili hodari wa mikataba ambao majina yao hayapo kule, kwa sababu mikataba yao haifiki mahakamani.

Je, awe wa Mbeya? Kwa kazi yako, ndiyo. Mashine iko Ubaruku, duka liko Mwanjelwa, leseni inatoka kwa halmashauri, na Mahakama Kuu ina masjala hapo hapo mjini. Usajili wa kampuni wenyewe unafanyika kwa mtandao kupitia BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kwa hiyo hoja ya kwamba lazima afanye mtu wa Dar es Salaam ilishakwisha. Na wewe unahitaji mtu utakayeweza kumfuata ofisini ukiwa na karatasi mkononi na kumwambia “hapa sijaelewa”. Siku mtakapoingia kwenye mgogoro mkubwa wa kodi au biashara ya nje, yeye mwenyewe atakuambia mwongeze mwenzake mwenye uzoefu huo.

Chagua wawili au watatu, uombe kukutana na kila mmoja kwa saa moja, na uulize kwenye simu kama kikao cha kwanza kina malipo. Nenda na hati ya jina la biashara, TIN, leseni, stakabadhi za mashine, mkataba wa pango la duka, taarifa ya benki ya miezi sita, na ile rasimu ya kurasa 14. Nenda pia na ujumbe wote mliotumiana na huyo kaka, hata ule wa salamu. Ahadi nyingi za biashara ziko kwenye WhatsApp na si kwenye mkataba.

Kabla hujamweleza kisa chote, mtajie jina la mshirika wako na la wakili wake, umuulize kama amewahi kuwafanyia kazi. Ni swali la mgongano wa maslahi, na linatakiwa kuulizwa mwanzo kabisa. Kisha muulize nani hasa atafanya kazi yako, yeye au kijana wa ofisini kwake. Vijana wanafanya kazi nzuri, mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao, lakini ujue. Halafu mpe swali hili: “Nikitaka kutoka kwenye kampuni hii baada ya miaka mitatu, natokaje, na mashine yangu inatokaje?” Sikiliza anavyojibu. Anayejua kazi atakujibu kwa Kiswahili unachokielewa, na kabla ya kujibu atakuuliza wewe maswali matano. Anayesema “hilo usijali, niachie mimi” hajaisoma rasimu.

Atakayekuwa mzuri atakuuliza mambo ambayo hukuyataja kwenye barua yako. Milioni 80 zinaingia kama mtaji au kama mkopo? Rasimu nyingi huandika sehemu kubwa kuwa mkopo wa mwanahisa: hapo mwenzako anapata hisa, na bado kampuni inamdai fedha zake, atalipwa yeye kwanza kabla wewe hujaona gawio. Mashine yako inaingia kwa thamani gani, na nani ameithamini? Inakuwa mali ya kampuni au kampuni inaikodi kwako? Nani anasaini benki, mmoja au wote wawili? Hisa mpya zikitolewa kesho, una haki ya kununua sehemu yako, au 24 zitayeyuka ziwe 10? Na jina la mchele. Hili wasindikaji hulisahau. Nembo mtakayoweka kwenye mfuko ni alama ya biashara. Inasajiliwa BRELA, kwa miaka saba ya kwanza, kisha inahuishwa kila baada ya miaka kumi. Kwa jina la nani? Kama ni jina ambalo wateja wa Mwanjelwa wanakujua nalo leo, usikubali lisajiliwe kwa jina la mwenzako binafsi kwa sababu tu wakili wake ndiye aliyejaza fomu.

Omba mkataba wa wanahisa uwe wa Kiswahili, au wa lugha zote mbili na Kiswahili ndicho kitakachotawala. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna anayekufanyia hisani. Usisaini kitu ambacho huwezi kukisoma kwa sauti na kumweleza mama yako.

Malipo. Sitakutajia bei, kwa sababu hutofautiana kwa ofisi na kwa uzito wa kazi, na ipo amri ya malipo ya mawakili ya mwaka 2015 inayoweka viwango vya kuongozea. Ninachoweza kukuambia ni namna ya kukubaliana. Kazi kama hii yako ina mwanzo na mwisho: kusoma rasimu, kukushauri, kuandika marekebisho, kujadiliana na upande wa pili, kusajili. Omba bei moja kwa kazi yote, au bei kwa kila hatua, iandikwe kwenye barua ya makubaliano. Barua hiyo iseme kazi ni ipi na ipi haimo, itakamilika lini, malipo ni awamu ngapi. Itenganishe ada ya wakili na ada za serikali, ambazo unalipia kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na risiti yake inakuja kwako. Ada ya BRELA hufuata ukubwa wa mtaji mnaoutangaza, kwa hiyo uliza kabla hamjaandika mtaji mkubwa wa kujionyesha. Uliza kama bei aliyotaja ina VAT ndani yake, maana sisi watoa huduma za kitaalamu husajiliwa VAT hata kama mauzo ni madogo. Lipa kwa akaunti ya ofisi, udai risiti ya EFD. Kulipa kiasi mwanzoni ni kawaida. Kulipa yote siku ya kwanza sikushauri.

Kama fedha ni kidogo sasa, punguza kazi, usipunguze sifa za mtu. Mwambie wakili: “Leo nisomee hii rasimu tu, uniandikie ukurasa mmoja wa yaliyo hatari.” Mawakili wengi wataikubali kazi hiyo ndogo. Na kwako ni nafasi nzuri ya kumpima: alitimiza siku aliyoahidi? Ukurasa wake umeueleza mkataba wako au ni maneno ya jumla yanayomfaa kila mtu? Ukiridhika, mpe kazi nzima.

Mambo yakiharibika kati yako na yeye, anza kwa barua, sema unachodai na mpe siku. Baadaye unaweza kupeleka malalamiko TLS, na kwa makosa ya maadili ipo Kamati ya Mawakili iliyoundwa kwa sheria, ambayo inaweza kumpa onyo, kumsimamisha, au kumwondoa kabisa kwenye daftari. Kwa hiyo tunza barua ya makubaliano na risiti zote. Bila hizo malalamiko yako yatakuwa neno lako dhidi ya lake.

Sasa kwa wiki hii. Usisaini. Usimpe mtu yeyote stakabadhi halisi za mashine, hata kwa kutoa nakala. Nakala toa mwenyewe. Usipokee hata sehemu ya hizo milioni 80 kwenye simu yako au akaunti yako, kwa sababu ukishazila au kuzinunulia mpunga, utakwenda kwenye mazungumzo ukiwa mdaiwa. Na huyo kaka mwandikie leo, kwa heshima, asidhani umemkimbia. Unaweza kuandika hivi: “Kaka, nimeipata rasimu, nashukuru. Biashara naitaka. Nimempa wakili wangu aisome, atawasiliana na wakili wako moja kwa moja ndani ya wiki mbili. Naomba pia tuzungumze wewe na mimi kuhusu mgawo wa hisa, na kabla ya hapo tupate mthamini aiangalie mashine.”

Mthamini atafutwe na ninyi wote wawili, na gharama yake mgawane. Ripoti yake ikitoka, mpelekee wakili wako kabla ya kikao chochote cha hisa, maana ile 24 iliandikwa kabla mtu yeyote hajafika Ubaruku kuiona mashine.